Nyama Kachinja Nani?

Mimi nina hoteli Madaba, kando ya barabara ya Njombe, na kama hujawahi kuwa na hoteli kando ya barabara hujui adha ya swali moja tu: "Nyama kachinja nani?" Dereva anashuka, ananawa mikono, anavuta kiti, harufu ya mchuzi inamfikia kutoka jikoni, mate yanamjaa. Halafu anauliza. Nikimjibu kachinja Egidi, anashukuru kwa adabu na kuagiza chai na maandazi. Na wenzake nao wanaagiza maandazi. Nyama yangu inabaki sufuriani inanitazama.

Egidi ni katekista wetu na ndiye aliyekuwa mwenye bucha. Mtu safi, mkono mwepesi, lakini Mkristo, na mbele ya Waislamu kisu chake hakikuwa na maana. Zamani jambo hilo halikunisumbua. Barabara ilikuwa kimya, waliopita walikuwa mapadre, walimu na lori la ushirika. Kisha biashara zikafunguliwa. Yakaja mabasi ya watu binafsi, yakaja malori ya mahindi, wakaja watu wa Tunduru, wa Songea Majengo, wa pwani. Waliokuwa wakiitwa walanguzi sasa waliitwa wafanyabiashara, na baadhi yao nyuso zilikuwa zile zile. Wote walisimama kwangu, na nusu yao walikula maandazi.

Kwa hiyo siku Daimu aliposhuka kwenye lori akiwa na kofia ya kiua, mke, mtoto na marobota mawili ya mitumba, akaniuliza kama nina vyumba vya kupangisha, sikuuliza anatoka wapi wala ana tabia gani. Nilimpa vyumba viwili vya uani papo hapo. Watu walinisifu kwa ukarimu. Wacha wanisifu. Mimi niliona mchinjaji.

Huo ulikuwa mwaka uliofuata ule wa kuruhusiwa vyama vingi. Mkewe aliitwa Sharifa, mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yanayouliza kabla ya mdomo. Hakukaa hata kupumzika. Alisimama uani, khanga imejaa vumbi la safari, akanisalimia shikamoo, akaanza.

"Mama, maji mnachota wapi?"

"Bomba liko moja, pale chini. Hutoa maji likipenda. Lisipopenda tunakwenda mtoni."

"Zahanati?"

"Ya masista. Ni karibu, ila uwahi asubuhi."

"Mashine ya kusaga?"

"Ya Yohanes. Ukisikia inalia, kimbia na debe lako, maana haikawii kunyamaza. Posta ni mpaka Songea. Umeme usiniulize."

"Msikiti?"

"Hakuna, mwanangu."

Akamvuta binti yake karibu. "Na shule?"

"Shule ipo. Ng'ambo ya kanisa, utaona bendera."

Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza. Yale mengine yote, bomba, umeme, msikiti, aliyapokea kama mtu anayesomewa hali ya hewa. Baadaye nilijua kwa nini. Huyu mtoto, Nasrin, alianza darasa la kwanza Tunduru. Kabla hajajua kuandika jina lake baba akasikia Masasi kuna biashara, wakahama. Masasi wakamrudisha mwanzo. Alipokaribia kumaliza, baba akasikia Songea kuna mitumba. Majengo alisoma la pili, nalo akaliacha bila mtihani, baba akizunguka na mitumba. Sasa alikuwa anaanza darasa la tatu, na katika maisha yake hakuwahi kufanya mtihani wa mwisho wa mwaka katika shule aliyoanzia mwaka.

"Mama Devota," Sharifa aliniambia siku moja tukichambua mboga, maana kila mtu huniita kwa jina la binti yangu, "mimi sina shida na umaskini. Masasi niliacha kuku wangu wameatamia. Majengo niliacha mihogo ndiyo kwanza inaweka mizizi. Yote nimesamehe. Ila nataka mtoto huyu amalize darasa mahali alipolianzia. Mara moja tu. Nikiliona hilo, roho yangu itatulia."

Nilimwambia atulie, Madaba watu hawahami. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka wasihame.

Lakini Daimu! Namna ya kumweleza mtu yule siipati. Hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi, hakuwahi kumpiga mkewe hata kofi. Ubaya wake ni kwamba hakuwa na matako ya kukalia. Chai alikunywa amesimama. Ukimwambia "kaa, baba," alikaa ukingoni mwa benchi kama aliyekalia miiba, na mara basi likipiga breki nje, yuko barabarani, anauliza abiria bei ya mchele Mbeya, bei ya samaki Mbamba Bay, bei ya vitu ambavyo hakuwa navyo na hakukusudia kuwa navyo. Usiku tulimsikia akitembea uani. Ukimtazama sana na wewe ulianza kuhisi kuna mahali unapaswa kuwa na umechelewa.

Hata hivyo, alichinja. Siku ya pili tu nilimpa mbuzi, akamgeuza kibla, ambayo kwetu ni upande wa Njombe, akasoma, akamaliza. Dereva wa kwanza aliyeuliza nikamjibu kwa kifua mbele: "Kachinja Daimu!" Akala sahani mbili. Habari ikaenea. Egidi mwenyewe, wala hakuona wivu, akamwita bucha. Watu wenye ndoa, kipaimara, msiba, wote wakaanza kumwita, kwa maana siku hizo kila familia ilikuwa na mgeni Mwislamu, na sisi kwetu ni aibu mgeni akae na soda mkononi wakati wenzake wanatafuna. Mchinjaji alipewa shingo ya mnyama, ndiyo haki yake, na maneno mazuri. Ikafika mahali ukiuliza nyumba yangu mwenyewe unaambiwa, "Aa, pale kwa Daimu." Nikachukia kidogo, nikaendelea kupika. Biashara ilikuwa nzuri.

Mwezi wa kumi Daimu akasikia habari za korosho. Ushirika haukuwa tena mnunuzi peke yake. Mtu yeyote mwenye mzani na gunia angeweza kwenda Tunduru kununua. Tulimwona anavyochemka. Alizunguka uani, akazunguka barabarani, akauza mitumba iliyobaki kwa bei ya kutupa. Wakati huo Egidi alikuwa anamwoza binti yake Oliva kwa Saimon, kijana dereva wa malori mjini Songea, na nusu ya wenzake wa kazi walikuwa Waislamu. Dume la ng'ombe lilikuwa limeshanunuliwa. Egidi alimfuata Daimu akamshika mikono yote miwili.

"Ndugu yangu, nenda, lakini Jumamosi ya harusi uwepo."

"Inshallah, Ijumaa niko hapa," Daimu akajibu, na mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi ya lori.

Ijumaa hakuja. Jumamosi asubuhi hakuja. Mvua zilikuwa bado, barabara ilikuwa kavu, hakuna cha kumtetea. Dume lilifungwa nyuma ya nyumba ya Egidi tangu alfajiri, likila majani kwa raha zake, na Egidi, ndani ya suti ya kuazima, akienda na kurudi kati ya dume na barabara. Kila vumbi lililotimka alisema, "Huyo!" Lilikuwa vumbi la mtu mwingine. Vyungu vya togwa vimejaa, pombe ya kienyeji imeshaanza kuimbisha watu, kuni zimepangwa, wanawake tumekaa na visu vya kukatia nyama hatuna nyama. Misa ilikuwa inakaribia.

"Nichinje mwenyewe," Egidi akasema mwishowe, kwa unyonge. "Wale wenzetu wapikiwe maharage."

"Maharage kwenye harusi ya mwanao?" nikamwuliza. "Watu wametoka Songea mjini waje kula maharage?"

Sharifa alikuwa ameleta masufuria yangu. Aliyaweka chini. Aibu ya mumewe aliibeba usoni, kila mtu aliiona, na wengine waliisema kwa sauti ya kutosha ili aisikie. Alisimama akafunga khanga kiunoni.

"Leteni kisu," akasema.

Tukadhani anakwenda kukata vitunguu.

"Leteni kisu cha kuchinjia. Mimi ni Mwislamu. Mshikeni vizuri, kichwa upande wa Njombe."

Ninyi msiojua, niwaeleze. Kwa watu wa kwao Tunduru mwanamke hachinji. Hata kuku. Mume akiwa safarini na mgeni amefika, mama anatoka barabarani na kuku kwapani kutafuta mwanamume yeyote apitaye, akikosa anamshikisha kisu mtoto wa kiume asiyejua hata kufunga suruali. Sharifa mwenyewe nilimwona akifanya hivyo kwangu mara nyingi. Sasa alisimama mbele ya dume zima, na wanaume wazima wamelilaza chini wamelishika miguu na pembe. Akaujaribu ukali wa kisu kwa kidole, akakirudisha kinolewe tena. Kilipokolea akainama. Nilimsikia akisema Bismillahi, Allahu Akbar, kwa ile sauti yake ya chini, na damu ikatoka kama inavyopaswa kutoka. Hakupepesa jicho. Baadaye tu, alipokwenda nyuma ya nyumba kunawa, nilimkuta bado anaisugua mikono iliyokwisha kutakata.

"Mama Devota, nimefanya nini?"

"Umetuokoa na aibu."

"Na wakikataa kula?"

Nilimmiminia maji mengine. Mimi nami niliogopa.

Wageni wakaja, misa ikaisha, vigelegele, watu wakaketi. Sahani zikapita. Kwenye mkeka wa madereva kulikuwa na mzee mmoja, Bakili, dereva wa siku nyingi, na pembeni yake Maalim Hassani, mwalimu wa madrasa kutoka Majengo, aliyemfundisha bwana harusi kusoma saa alipokuwa mtoto wa jirani na sasa kaja kushuhudia ndoa yake. Bakili alikata tonge, akalishika hewani, akauliza lile swali langu.

Egidi ni katekista, na ilikuwa siku ya harusi ya mwanawe. Uongo haukumtoka. "Kachinja mke wa Daimu," akasema.

Tonge likarudi sahanini. Sahani nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine, mkeka mzima. Bibi harusi alianza kulia mahali alipo, na wakwe wakaanza kutazamana. Sharifa alikuwa amesimama na mimi mlangoni mwa jiko. Alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma.

"Mwanamke?" Bakili akauliza.

"Yuko wapi?" Maalim Hassani akauliza kwa utulivu. Sharifa akatoka. Akamwamkia shikamoo, macho chini.

"Binti, wewe Mwislamu?"

"Ndiyo, maalim."

"Ulimtaja Mwenyezi Mungu?"

"Nilimtaja."

"Kisu kilikuwa kikali?"

"Nilikirudisha kikanolewa."

Maalim akawageukia madereva. "Mchinjaji Mwislamu, Mungu katajwa, kisu kikali. Mnataka nini tena, awe na ndevu? Haya ya kukataa mwanamke ni mazoea yetu, siyo dini." Akachukua mnofu kutoka kwenye sahani ya Bakili, siyo yake, akautia mdomoni, akatafuna polepole, kila mtu akimtazama koo. "Mnyama alikuwa mnono," akasema.

Walikula wakalamba na sahani. Mimi nililia, sioni haya kusema. Sikulia kwa ajili ya harusi ya Egidi. Nililia kwa jinsi Sharifa alivyorudi jikoni akakaa chini kwenye kinu kilicholala, akaniomba maji, na kunywa kikombe kizima kwa pumzi moja.

Tangu siku hiyo hakuna aliyesubiri Daimu arudi. Nyama ya bucha alichinja Sharifa. Mbuzi wangu alichinja Sharifa. Alianza kufuga kuku uani kwangu, akiwauza wamechinjwa na kunyonyolewa, na mabasi yakawa yanasimama kwa ajili yao. Masista wa zahanati walimwita, walimu walimwita. Na hakuwa tena mke wa Daimu. Alikuwa Mama Nasrin, hata kwa watu wasiomjua Nasrin. Nasrin naye kila jioni alikaa na daftari chini ya dirisha langu akikariri jedwali la kuzidisha, maana mtihani wa darasa la tatu ulikuwa unakaribia.

Daimu akarudi wiki ya mtihani. Alirudi na lori, furaha imemjaa, hata injini hakumwambia dereva azime.

"Mama Nasrin, funga mizigo! Nimepata chumba Tunduru, nimepata mshirika. Korosho, mke wangu, korosho!"

Sharifa alikuwa ananyonyoa kuku. Hakuinuka. "Karibu nyumbani, Baba Nasrin. Mtoto ana mtihani."

"Mitihani iko hata Tunduru."

"Hata Masasi ilikuwepo."

Daimu akacheka, akadhani ni utani. Kabla hajamaliza kucheka akaingia kijana mmoja kutoka kitongoji cha juu, kavua kofia. Bibi yao amefariki, mazishi kesho, wameamua kuchinja ng'ombe, wanaomba msaada wa asubuhi.

"Pole sana, kijana," Daimu akamjibu, "lakini kesho mimi sipo."

Yule kijana akatahayari. "Samahani, baba. Tunamwomba mama."

Nimeona watu wakipigwa makofi usoni wasibadilike vile. Daimu alimtazama kijana, akamtazama mkewe, akaona kisu kando yake na kuku safu nzima, na damu.

"Nani kakuruhusu?"

"Hukuwepo kuruhusu wala kukataza," Sharifa akasema.

Akanigeukia mimi. "Mama, nilikuachia mke wangu, umeniharibia!"

"Mkeo uliniachia mimi pamoja na dume la Egidi," nikamwambia, na hasira zilikuwa zimenipanda muda mrefu. "Uliahidi Ijumaa. Ijumaa gani, Daimu? Ya mwaka gani?"

Injini ilikuwa inanguruma nje. Dereva akapiga honi. Daimu akaanza kubeba vitu mwenyewe, godoro, ndoo, jiko, akivirusha juu, akirudi, akienda, na Sharifa ananyonyoa kuku. Alipofika kwenye mfuko wa shule wa Nasrin, Sharifa akasimama.

"Huo weka chini."

"Mimi ni mume wako, Sharifa."

"Ni mume wangu, sijakataa. Mume akikaa mahali, mke anakaa naye. Wewe hujakaa. Toka umenioa nimekuwa nikifuata lori." Akafuta damu ya kuku mkononi. "Nenda na korosho zako, na dua yangu unayo. Ukichoka, rudi, uliza kwa Mama Nasrin. Watakuonyesha."

Daimu aliweka mfuko chini. Godoro hakulishusha. Akapanda mbele, lori likaondoka, na Sharifa akaniomba kisu kile kidogo amalizie kuku kabla basi la Songea halijafika. Usiku alilala na mwanawe kwenye mkeka wangu. Nasrin akafanya mtihani wake, akawa ameanzia Januari na kumaliza Novemba shule ile ile, akawa wa kumi na moja, na mama yake akazunguka kijiji kizima akitaja namba kumi na moja kama vile ni ya kwanza.

Mwaka uliofuata serikali ya kijiji ilimpa kiwanja nyuma ya shule. Alijenga chumba kimoja cha tofali mbichi, akahama kwangu. Nilinuna wiki nzima, halafu nikampelekea godoro.

Daimu alirudi baada ya masika, kwa basi, mfuko mmoja mkononi. Korosho zilikuwa zimempeleka mahali na kumtupa. Hakusema wapi, na mimi sikumwuliza, alikuwa amekonda vya kutosha. Alisimama mbele ya hoteli yangu, akanisalimia, akatazama vyumba vya uani ambavyo sasa vilikuwa na wapangaji wengine.

"Mama," akasema, na ikamgharimu, "kwa Mama Nasrin ni wapi?"

Nilifunga jiko nikampeleka mwenyewe. Alitembea nyuma yangu. Tulipofika alibaki nje ya ua, akapiga hodi kama mgeni, na Sharifa akatoka mlangoni. Walitazamana mpaka mimi nikaanza kujikohoza. Nasrin alimletea maji ya kunywa, akapiga goti akamwamkia. Daimu akanywa, akashika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Mtaniruhusu nikae?"

"Nasrin yuko la nne," Sharifa akasema. "Kaa mpaka alimalize. Baada ya hapo tutazungumza mengine. Utaweza?"

Daimu alifungua mdomo kujibu. Kule chini barabarani basi la Njombe likapiga honi, moja ndefu ya kuita abiria, na shingo yake ikageuka yenyewe kabla hajaizuia. Ilikuwa mara moja tu, akairudisha haraka. Lakini nilimwona, na Nasrin alimwona. Sharifa pia alimwona. Alibaki amesimama mlangoni, bado hajampisha.